Mkojo wa Yaya

Je, mzazi ana haki ya kumwambia yaya akojoe kwenye kichupa, ijulikane kama anavuta bangi au anatumia unga, kabla ya kumkabidhi mtoto? Ukilitupa swali hili kijiweni, ndugu msomaji, usitegemee kuondoka mapema. Mmoja atakwambia, "Mtoto wangu, nyumba yangu, hela yangu, napima ninavyotaka." Wa pili atasema huo ni udhalilishaji, tena mkubwa. Wa tatu, na huyu hakosekani, atauliza kama baba mwenye nyumba naye atapimwa. Watu watacheka, na stori itarudi kwenye mpira. Mimi naona mjadala ulipaswa kuanzia pale pale kwenye kicheko.

Lakini kwanza tumpe haki yake mama mwenye hofu, maana sisi vijana tusio na watoto ni wepesi mno kumhukumu.

Chukulia mama anayekaa Chanika na kufanya kazi Posta. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, kwenda kugombea daladala. Anarudi saa mbili usiku, miguu imevimba. Nyuma yake ameacha mtoto wa miezi minane na binti aliyeletwa na shangazi wa jirani wiki mbili zilizopita. Mtoto wa miezi minane hana ushahidi. Akiangushwa analia, akinyimwa uji analia, jino likimtoka analia, na kilio ni kile kile. Mwanafunzi akipigwa na mwalimu atasema nyumbani, hata kama hakuna atakayemsikiliza. Huyu hawezi hata hilo. Kwa hiyo mama amebaki na mambo mawili: kumwamini mtu asiyemjua, au kutafuta kitu kitakachomwambia huyo mtu ni nani. Hapo ndipo kichupa kinapoingia. Anayemwita mama huyu mkoloni aende kwanza Chanika akapande daladala hiyo ya alfajiri.

Na hofu yake haikuzuka hewani. Novemba 2014 dunia iliona mkanda wa video kutoka Kampala: yaya wa miaka 22 akimpiga na kumkanyaga mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Desemba mwaka huo huo mahakama ilimfunga miaka minne. Baada ya mkanda ule, nani hakumtazama dada wa kazi kwa jicho la pili?

Sasa hebu tuutazame mkanda ule vizuri, maana wengi waliutazama kwa hasira tu. Yule yaya hakufungwa kwa bangi wala kwa unga. Alifungwa kwa ukatili. Kilichomfichua ni baba kuuangalia mwili wa mwanawe, kuona alama asizozielewa, na kutega kamera. Kama siku ya kwanza wangempa kichupa, kichupa kingesema nini? Kinatafuta masalia ya dawa kwenye mkojo. Ukatili haupiti kwenye figo. Wala uvivu, wala hasira za haraka, wala ile tabia ya kumwacha mtoto kwenye beseni la maji ukaenda kupokea simu.

Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na watu wa kipimo. Siwalaumu kwa kuogopa. Nawalaumu kwa kuogopa kitu kimoja na kupima kingine.

Tuingie kwenye kipimo chenyewe, maana tunakizungumzia kama vile ni msahafu. Vile vijiti vinavyochovywa kwenye mkojo havimpimi mtu kama amelewa sasa hivi. Vinatafuta mabaki. Aliyevuta bangi mara moja anaweza kuonekana kwa siku kadhaa, na mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana hata mwezi baada ya kuacha. Pombe ni kinyume chake, mwilini hukaa saa chache tu. Maana yake ni kwamba binti aliyevuta msokoto mmoja kijijini kwenye harusi ya kaka yake, kabla hajapanda basi, anaweza kunaswa. Na mwenzake anayepiga gongo kila mchana mama akishaondoka atapita kifua mbele, kwa sababu vijiti vingi vya dawa za kulevya hata havitafuti pombe. Ukiniuliza mimi yupi hatari kwa mtoto, sihitaji kufikiri.

Halafu kuna dawa ya kikohozi. Kodeini imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu, na ini likishaifanyia kazi, sehemu yake hugeuka mofini. Kijiti hakijui kama mofini ile ilitoka kwa muuza unga au kwenye duka la dawa. Wamarekani, ambao ndio mabingwa wa kupimana mikojo kazini, walijikuta wanawanasa watu waliokula mikate yenye mbegu za mmea wa afyuni. Mwaka 1998 serikali yao ikapandisha kiwango cha kumhesabu mtu kuwa ametumia jamii hiyo ya dawa, kutoka nanogramu 300 kwa mililita hadi 2,000. Zaidi ya hapo, kwa wafanyakazi wa serikali yao, jibu la kipimo cha haraka halimfukuzishi mtu. Sharti lirudiwe kwa mashine kubwa za maabara, kisha daktari aongee na mwenyewe kabla bosi hajaambiwa. Mama wa Chanika ana maabara gani? Ana choo cha uani, kijiti na macho yake. Na vijiti hivi vinasomwa kinyume na kile cha mimba alichokizoea: hapa mistari miwili ni salama, mmoja ndio balaa. Sijui ni mabinti wangapi wataambiwa wafungashe kwa sababu bosi amehesabu mistari vibaya.

Mtu wa kipimo atanijibu: sawa, kina makosa, lakini si bora nusu shari? Kikimnasa teja mmoja kati ya mia si kimeokoa mtoto mmoja? Hoja hii ina nguvu, siipuuzi. Ila inajifanya kwamba wale tisini na tisa hawakupoteza kitu. Ndiyo maana inabidi tuulize kupimwa maana yake nini.

Marekani wana kesi mbili ambazo ukiziweka meza moja unapata somo ambalo majaji wenyewe sidhani walilikusudia. Mwaka 1995 Mahakama Kuu yao, katika kesi ya wilaya ya shule ya Vernonia huko Oregon, ilikubali watoto wa shule wanaocheza michezo wapimwe mkojo hata bila kushukiwa chochote. Miaka miwili baadaye, 1997, mahakama hiyo hiyo ililetewa sheria ya jimbo la Georgia iliyotaka wagombea wa vyeo kadhaa vya juu wapimwe kabla ya kuingia kwenye uchaguzi. Majaji wanane kati ya tisa wakaikataa: hakuna ushahidi wa tatizo lenyewe, na kupima kwa ajili ya kuonyesha msimamo tu hakutoshi. Majaji walikuwa na sababu zao za kisheria, na ukizisoma si za kipuuzi. Lakini mtazamaji wa kawaida anaona mtoto wa shule akikabidhiwa kichupa, na mwanasiasa anayetaka kushika bajeti ya jimbo zima akiambiwa heshima yake isiguswe.

Mkojo hauombwi kutoka chini kwenda juu, jamani. Umewahi kusikia mfanyakazi akimwomba bosi wake mkojo?

Huku kwetu jambo hili lina babu yake. Kenya ya wakoloni, kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanaume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande, wengi wakikitia kwenye kikopo cha bati na kukining'iniza shingoni. Humo kulikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, siku alizofanya kazi na mshahara aliolipwa. Mwajiri ndiye aliyekuwa na kalamu. Kilikuwa kipande cha kumjua mtumishi, wala hakikutengenezwa kingine cha kumjua bwana: kama analipa kwa wakati, kama ana mkono mwepesi, kama akinywa huwa anatembelea vyumba vya watumishi usiku. Tumekipiga vita kipande, tumekiandika kwenye vitabu vya historia, watoto wanakijibu kwenye mitihani. Sasa tunakirudisha kwa njia ya chooni.

Utasema nazidisha, yaya anaombwa tu, halazimishwi, asipotaka si aondoke. Aondoke aende wapi? Binti katoka Iringa, nauli kalipiwa na huyo huyo anayeomba, simu hana, jiji halijui, na mshahara wa kwanza unakatwa nauli. Ukimwomba kitu mtu asiyeweza kusema hapana, umemwamuru kwa sauti ya upole. Sheria imeshaliona jambo hili mahali pengine. Ukimwi ulipokuwa unatisha kila nyumba, wapo waliotaka yaya alete cheti kwanza. Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2006, wakakataza kumlazimisha mtu apime VVU kama sharti la kupewa kazi. Sheria yetu ya Ukimwi ya mwaka 2008 nayo inakataza kulazimishana kupima. Hawakufanya hivyo kwa sababu virusi si vya hatari. Waliona kwamba kwenye mlango wa ajira neno "hiari" linageuka maskhara.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwenye mijadala yote hii sijalisikia likitajwa. Tunasema "mzazi" ana haki ya kuuliza. Mzazi yupi? Kwenye hadithi hii wazazi wapo wawili. Wa pili yuko kijijini.

Yaya wengi wa mjini ni mabinti wadogo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka kumi na minane ni mtoto, ingawa kazi nyepesi anaruhusiwa kuanzia miaka kumi na minne. Kwa hiyo mara nyingi, tukisema ukweli bila kupepesa macho, ni mtoto anayelea mtoto. Mama yake amemtoa kwenye nyumba anayoijua akampeleka kwenye nyumba asiyoijua. Ndani ya nyumba hiyo kuna baba anayerudi saa sita usiku ananuka bia. Kuna mjomba amehamia "kwa muda" na huu ni mwaka wa tatu. Kuna kijana wa kidato cha sita mwenye marafiki wasioeleweka. Binti analala sebuleni, au jikoni, au chumba kisicho na kitasa. Huyu mama wa kijijini hofu yake ndogo kuliko ya mama wa Chanika? Naye si amemwacha mwanawe mikononi mwa watu asiowajua? Yeye alipewa kichupa cha nani?

Fikiria siku moja amepanda basi, ameshuka stendi ya Magufuli na kikapu chake cha maharage, akapiga hodi: "Shikamoo mama. Nimemleta binti. Lakini kabla sijamwacha, naomba mkojo wa baba Junia, wa mjomba na wa kaka. Si kwa ubaya, ni kwa usalama wa mwanangu." Angefika mlangoni? Angeitwa mchawi. Na bado ombi lake ni lile lile, neno kwa neno, hofu kwa hofu. Kama ombi la kwanza ni la busara na la pili ni kichekesho, basi tuache kusema tunalinda watoto. Tunalinda watoto wa baadhi ya watu.

Sisemi hivi ili baba Junia apimwe. Nyumba yenye vichupa vinne mezani si nyumba tena, ni kituo cha polisi. Ila mizani ni hiyo: kama huwezi kukitoa mkono huu, usikidai kwa mkono ule.

Basi mama wa Chanika afanye nini, akae na hofu yake? Hapana. Narudi kwake kwa sababu nadhani kichupa kinamdanganya zaidi kuliko kinavyomdhalilisha binti. Kitampa usingizi siku moja, naye ataacha kuangalia yale yanayomdhuru mtoto kweli.

Mfano usingizi wenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha walevi na waliokesha. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake ulishuka hadi kufanana na wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza dereva. Haya, tupige hesabu ya nyumbani. Binti anaamka saa kumi na nusu alfajiri achemshe maji ya kuoga bosi na kufunga chakula cha kazini. Saa 17 zinatimia saa tatu na nusu usiku. Saa hiyo bado yuko jikoni, maziwa ya mtoto yako motoni, mtoto yuko mgongoni, na vyombo vya wageni vinamsubiri. Atalala saa tano kama hakuna aliyechelewa kurudi. Kwa hesabu hiyo kila usiku mtoto analelewa na mtu aliye kama mlevi, na aliyemlewesha ni mwenye nyumba. Hakuna kijiti cha hilo dukani, na kingekuwepo nadhani kisingenunuliwa.

Au ile hofu nyingine inayosemwa kwa kunong'ona saluni, kwamba wapo wanaowanywesha watoto dawa za mafua ili walale, mama asikute kelele. Inatisha, na mzazi ana haki kabisa ya kukesha nayo. Lakini dawa ile haimo kwenye mkojo wa yaya. Imo kwenye kabati la mwenye nyumba. Kufunga kabati, kumwangalia mtoto kama analegea mchana, kumwelezea binti kinachotokea mtoto akizidishiwa, kurudi siku moja saa nane bila taarifa: haya yana kazi. Jirani anayechungulia uani ana kazi kuliko maabara. Na mshahara una kazi. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kawaida wa ndani anayeishi kwa mwajiri, na wapo ambao hata hiyo waliiona nyingi. Huwezi kumlipa mtu kama mwizi ukategemea alinde kama askari.

Vituo vya kulelea watoto naviweka kando kidogo. Pale kuna leseni, kuna mkaguzi, kuna watoto thelathini na mlezi ana wenzake wa kumsemea. Kama siku moja serikali itaandika kanuni kwamba kila afanyaye kazi humo apimwe, mmiliki akiwa wa kwanza kwenye foleni, jibu likirudiwa maabara na siri ikitunzwa, sitaandamana. Wapishi wa hoteli wanapimwa afya na hakuna anayejiona amevuliwa nguo, kwa sababu kanuni inawahusu wote na haikutoka mdomoni mwa mtu mmoja aliyekasirika. Na dereva wa basi la shule apulizishwe kila asubuhi ikibidi: pumzi inaeleza hali yake ya saa hiyo, haimchimbui ya mwezi uliopita.

Na neno lenyewe "dawa za kulevya", tuwe nalo makini. Mirungi ukiitafuna Kenya ni biashara halali ya mkulima wa Meru. Vuka Namanga na shada lako mfukoni, umekuwa mhalifu. Jani ni lile lile, na mlaji hakubadilika tabia kwenye kizuizi cha mpakani.

Kuna swali moja linaninyima raha na sitalikwepa. Tangu Februari 2011 hospitali ya Muhimbili inatoa methadoni kwa walioamua kuachana na heroini. Wanafika kila siku, wanameza dozi mbele ya muuguzi, wanaondoka. Wengi wamerudi kuwa watu kwenye familia zao. Tuseme mmoja wao, dada wa miaka thelathini, miaka minne hajagusa unga, anaomba kazi ya kulea. Kipimo chenye sehemu ya methadoni kitamkamata, na mwajiri atamrudisha mtaani alikotoka. Mimi niliyeandika yote haya juu, ningemwachia mwanangu?

Nimelikalia swali hilo siku nyingi. Jibu ninalolipata ni kwamba ningetaka aniambie mwenyewe, tukiwa tumekaa, chai iko mezani, tukiongea kama watu wawili ambao kila mmoja ana kitu cha kupoteza. Ningemuuliza kliniki anakwenda saa ngapi na nani atabaki na mtoto saa hiyo. Ningemwambia na ya kwangu: nani analala nyumba hii, nani anakunywa, funguo za chumba chake ziko wapi. Pengine ningemchukua, pengine ningeogopa. Lakini kichupa kingeamua kabla hatujakaa, na asingekuwa na sababu yoyote ya kuniambia ukweli wowote tena.

Kwa mama wa Chanika nisingekuwa na maneno mengi hivyo, maana daladala haimsubiri. Ningemwomba namba ya simu ya mama yake yule binti. Si ya shangazi wa jirani, ya mama mwenyewe. Wengi nimewauliza, hawana.